Daktari na Daftari Lake


Kila mwaka katika mkutano huu mweka hazina husimama mbele yetu akaeleza kila shilingi imekwenda wapi. Hatumngoji ashtakiwe ndipo aseme. Daftari hulifungua mwenyewe. Leo twapenda kuuliza: mtu aliyekabidhiwa si shilingi bali uhai wetu, je, naye ana daftari?

Tumepata kusimama mlangoni pa wodi tukiuliza sababu ya kifo cha mwenzetu, tukajibiwa kwamba ni amri ya Mungu. Amri ya Mungu hatuipingi. Lakini sisi tuliuliza habari ya kazi ya mikono ya wanadamu, na hapo hatukujibiwa. Tukachukua maiti wetu tukaenda zetu.

Ndiyo maana habari za Ernest Codman zilitugusa. Huyu alikuwa daktari mpasuaji katika mji wa Boston, Marekani. Alishika neno moja: kila mgonjwa afuatwe hata baada ya kutoka hospitali, ijulikane kama amepona, na kama hakupona, ijulikane ni kwa nini. Mwaka 1911 alifungua hospitali yake ndogo. Kufikia mwaka 1916 alikuwa ameandika habari za wagonjwa 337 waliotoka humo, akahesabu makosa 123, akayapiga chapa ili hospitali nyingine ziyasome. Yaliyo yake hakuyaficha. Katika kumpasua mgonjwa mmoja alifunga mfereji wa nyongo usiopasa kufungwa, mgonjwa akafa. Codman akaandika wazi kwamba kosa lilikuwa la mkono wake, na kwamba wakati ule hata hakulitambua.

Wenziwe hawakumshukuru. Januari 1915 aliwaonyesha mkutanoni picha ya mbuni aliyefukia kichwa mchangani, huku akitaga mayai ya dhahabu kwa faida ya madaktari. (Picha hiyo ilikuwa na ukali, twakiri.) Akatakiwa ajiuzulu uenyekiti wake. Alifariki mwaka 1940, na kaburi lake likakaa bila jiwe mpaka mwaka 2014.

Basi tusiwalaumu madaktari peke yao. Muuguzi akija akasema, "Wazee wangu, dawa ile nilikosea kipimo," sisi twamfanyaje? Tukimtisha na kumpigia kelele, wa pili atakayekosea atanyamaza, na mgonjwa mwingine atakufa vivyo hivyo. Mwenye kuungama asikizwe, na aliyefiwa aelezwe yote wala haki yake isipotee. Ukali wetu tumwekee yule aliyefunga daftari.

Na ninyi vijana mnaosomea udaktari na uuguzi kwa mchango wa chama hiki, twawaomba kila mmoja aanze daftari lake siku ya kwanza ya kazi, aandike alivyomtibu mgonjwa na mwisho wake ulivyokuwa, pasipo kutaja jina. Mkija likizo, tutawauliza habari zake.

Sasa twamkaribisha mweka hazina asome hesabu za mwaka.