Steringi Aliyepigwa Risasi Kweli



Wengi wetu bunduki tuliijulia kwenye kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, tukimshangilia steringi. Steringi hupigwa risasi ya bega, akajifunga kitambaa, akaendelea kuwafukuza maadui. Bastola yake haiishiwi risasi. Filamu ikimalizika, kila mtu kwao.

Filamu hizo nyingi zilitoka Marekani, na kule bunduki imo kabatini, imo kwenye gari, imo kwenye hotuba za wagombea. Imo hata kwenye Katiba, katika Marekebisho ya Pili ya mwaka 1791. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba kuweka bunduki nyumbani kwa ajili ya kujilinda ni haki ya mtu binafsi.

Jioni hii nataka tumtazame mtu mmoja aliyezijua sinema na siasa. Ronald Reagan aliigiza Hollywood, tena katika filamu za wachunga ng'ombe wenye bastola kiunoni. Akawa gavana wa California, na Januari 1981 akaapishwa kuwa Rais. Alikuwa mwanachama wa NRA, chama chenye nguvu cha wamiliki wa bunduki.

Tarehe 30 Machi mwaka huohuo, alipokuwa anatoka hotelini mjini Washington, kijana aitwaye John Hinckley alimfyatulia risasi sita. Alitaka kumvutia mwigizaji Jodie Foster, aliyemwona katika filamu ya Taxi Driver. Bastola alikuwa ameinunua kwenye duka la rehani mjini Dallas.

Risasi iliyompata Reagan iligonga gari lake kwanza, ikadunda, ikamwingia chini ya kwapa hadi kwenye pafu. Alinusurika kufa. Msemaji wake, James Brady, alipigwa kichwani, na kwake yeye hapakuwa na kitambaa cha kujifunga. Alipooza upande, akaishi maisha yake yote yaliyobaki akitegemea kiti cha magurudumu. Alipofariki mwaka 2014, uchunguzi wa kitabibu ulisema kilichomuua ni risasi ile ya 1981. Miaka 33!

Mkewe, Sarah, hakukaa kulia tu. Alipigania sheria ya kumchunguza mnunuzi kabla hajakabidhiwa bastola. NRA wakaipinga kwa nguvu zao zote. Mwaka 1991 Reagan, akiwa ameshastaafu, alijitokeza hadharani kuiunga mkono, na akasema bado ni mwanachama wa NRA. Sheria hiyo ilisainiwa na Bill Clinton, wa chama cha siasa tofauti na cha Reagan, Novemba 1993.

Mimi nasimama na Reagan yule wa 1991. Aliipenda bunduki na hakuacha kuipenda, ila alikubali kwamba anayeitaka aulizwe kwanza yeye ni nani. Wanaodai kuwa swali hilo ni kumpokonya mtu haki yake wamekosea. Huku Tanzania na Kenya sheria haimruhusu raia kumiliki bunduki bila leseni, na mimi sioni kwamba ameonewa. Tena sheria ile ya Brady ina mwanya hadi leo. Mfanyabiashara mwenye leseni lazima amchunguze mteja, lakini mtu wa kawaida anayemwuzia jirani bunduki yake halazimishwi na sheria ya taifa kufanya hivyo. Yapo majimbo yaliyouziba mwanya huo, na yapo yaliyouacha wazi.

Na wanaolipa ni watoto. Tangu mwaka 2020, bunduki imeongoza kwa kuua watoto na vijana wa Marekani wa umri wa mwaka 1 hadi 19, kupita hata ajali za magari. Wengine hujiua kwa bastola ya baba iliyoachwa kwenye droo.

Tuna ndugu zetu kule. Dada yangu, kaka yangu, wewe uliyeko Minneapolis, Dallas au Louisville, kama sheria inakuruhusu kununua, mimi sina mamlaka ya kukukataza. Ukinunua, ifungie kwenye sanduku la chuma, risasi zifungie pengine, funguo zisikae mahali anapopajua mtoto. Na kabla hujampeleka mwanao kucheza au kulala kwa jirani, muulize mwenye nyumba kama ana bunduki na anaiweka wapi. Usione haya kuuliza.