Mcheza Kwao na Anayemtunza

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Juma hili methali hiyo imenikumbusha mchekeshaji mmoja wa Damascus, Syria, jina lake Duraid Lahham, aliyezaliwa mwaka 1934.

Bwana huyu alikuwa mwalimu wa kemia chuo kikuu. Televisheni ilipoanza nchini mwake mwaka 1960, aliingia humo pamoja na mwenzake Nihad Qali, akawa Ghawwar, yule mjanja wa mtaani mwenye tarbushi na mitalawanda. Waarabu wa kila nchi walimcheka.

Baadaye, akishirikiana na mshairi Muhammad al-Maghout, kicheko kikaingia uchungu. Katika mchezo wa jukwaani wa mwaka 1979, "Kasak ya Watan", anazungumza kwa simu na babake marehemu aliye peponi. Mzee alikufa kwa ajili ya nchi, naye anauliza nchi hiyo i hali gani. Mwana anaona haya kumjibu. Katika filamu ya mwaka 1984, "Al-Hudud", amepoteza pasipoti katikati ya nchi mbili, na zote mbili zinamkataa. Wakubwa wanakuja kuhutubia juu ya umoja wa Waarabu. Wakiondoka, yeye yupo pale pale mpakani.

Mtauliza: hayo yaliruhusiwaje chini ya Rais Hafez al-Assad, ambaye wapinzani wake walijaa magerezani? Si kuruhusiwa tu, Rais alimtunukia nishani. Wapo waliosema kicheko kile kilikuwa kama kufunua sufuria kidogo ili isifurike. Watu wacheke, walale, na asubuhi mambo yawe yale yale.

Mwaka 2011 watu walipoingia mabarabarani, Lahham alisimama upande wa serikali ya Bashar, mwana wa Hafez. Wengi waliokua wakimcheka Ghawwar waliona wametupwa. Serikali ile ilianguka Desemba 2024, mchekeshaji wetu akiwa na miaka 90.

Mimi sisemi michezo yake itupwe. Yule mtu wa mpakani bado anasema kweli, na wako wengi kama yeye hadi leo. Ila najiuliza, kama babake angepiga simu tena mwaka ule wa 2011, angejibiwa nini?

Mcheza kwao hutunzwa, naam. Lakini kabla ya kuinama apokee tuzo, naye amtazame anayemtunza.