Waliobaki Pate
Mhadhara wa umma uliotolewa Thika



Nimekuja kuwazungumzia mji ambao wengi wenu hamjaufikia, nao umo humu humu nchini. Unaitwa Pate, na uko katika kisiwa cha Pate, kaskazini ya Lamu. Zamani ulikuwa na masultani, wafua fedha, wafumaji wa hariri na washairi ambao kazi zao bado tunazisomesha. Leo ni kijiji cha wakulima na wavuvi kilichojibana pembeni mwa magofu yake chenyewe. Swali langu ni jepesi kulitamka: mji ukihamwa, nani hubaki, na kwa sababu gani? Nitaanza na safari, kwa kuwa safari yenyewe ni sehemu ya jibu.

Kutoka Lamu utapanda boti ya abiria pamoja na magunia ya unga, mabati, kuku na akina mama wanaorudi kutoka hospitali. Boti hupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, wenye mikoko kushoto na kulia. Hapo nahodha hafuati saa ya mkononi, hufuata maji. Yakiwa yamekupwa, mtasubiri. Mtashuka Mtangawanda, na kutoka hapo hadi mji wa Pate ni mwendo wa saa moja hivi kwa miguu. Mji wenyewe una ufuo wake, lakini maji ya hapo ni haba kiasi kwamba chombo hakifiki ila bahari ikijaa. Naomba mlishike jambo hilo la maji haba, maana lilichangia kuuvunja ufalme.

Mgeni akipita mtaa wa watu na kutokea upande wa pili, huingia katika mji wa kuta. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zimeanguka zamani, boriti za mikoko zimeoza, na miti imeota palipokuwa na madaka. Niliingia katika chumba kimoja ambacho ukuta wake wa ndani ulikuwa bado umesimama. Plasta yake ilikuwa laini kama yai, na juu yake vilipangwa vidaka safu kwa safu, vile ambavyo wenye nyumba walivitumia kuwekea vyombo vya thamani. Pembe zilikuwa zimenyooka. Fundi aliyezichonga alijua kazi yake. Chini, mahali ambapo familia ya kitajiri ilitandika mazulia, palikuwa na tumbaku. Miche ilipandwa kwa mistari, ikapaliliwa vizuri, ikafika hadi kizingitini. Chumba cha pili vivyo hivyo, na cha tatu. Mji mzima wa kale umekuwa mashamba, na kila shamba lina kuta za nyumba kama ua wake.

Watalii wachache wanaofika hulipiga picha gofu na kujitahidi tumbaku isionekane. Mimi naona tumbaku hiyo ndiyo habari kubwa ya Pate, na nitarudi kwayo.

Kwanza historia. Mambo yalianza kabla ya mji wa Pate kupata sifa. Upande wa kusini wa kisiwa hicho hicho kuna mahame ya Shanga, yaliyochimbwa na mwanaakiolojia Mark Horton katika miaka ya 1980. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe alikuta mwingine wa zamani zaidi, na chini ya huo mwingine tena, mpaka akafikia mashimo ya nguzo za msikiti mdogo wa miti wa karne ya 8. Yaani watu wa Shanga walikuwa wakiswali katika kibanda cha miti muda mrefu kabla ya kujenga kwa mawe. Zilipatikana pia sarafu ndogo za fedha zenye majina ya watawala wa hapo hapo. Mwanzoni mwa karne ya 15 Shanga ilihamwa, na haikukaliwa tena.

Jambo hili lina uzito kwa Mkenya yeyote, wa pwani au wa bara. Kwa muda mrefu tuliambiwa kwamba miji ya Waswahili ililetwa na wageni kwa jahazi, ikiwa tayari imekamilika. Shanga inaonyesha mji uliokua kidogo kidogo mahali pale pale, kutoka miti na udongo hadi mawe. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale, wakiwemo wa Manda na Faza, majirani wa Pate. Ulionyesha kwamba wengi walitokana na mama wa Kiafrika na baba waliotoka Uajemi, na kwamba kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000. Wako waliorukia hitimisho kwamba basi miji ni ya Waajemi. Hebu tupige hesabu. Shanga ilikuwa na umri wa miaka zaidi ya 200 kabla ya mwaka 1000. Wageni waliooa, walioa katika miji iliyokuwapo, na watoto wao walilelewa kwa Kiswahili cha mama zao.

Kuhusu Pate yenyewe tunayo Habari za Pate, tarehe ya masultani wa ukoo wa Nabhani waliosemekana kutoka Omani. Kitabu hicho kina mkasa wake. Nakala ya asili inasemekana iliteketea mwaka 1890 huko Witu, mji wa bara ambako ukoo huo ulikuwa umehamia, Waingereza walipoushambulia mji huo. Tulichonacho ni matoleo kadhaa, mengi yakitokana na kumbukumbu ya mzee wa ukoo huo aliyeitwa Bwana Kitini. Matoleo hayalingani. Yanasema Wanabhani walifika mwaka 1203 au 1204, na wataalamu wengi wanaona hiyo ni mapema mno. Hata hivyo mimi nayapenda, kwa sababu ndani yake wamo watu. Yumo Mwana Darini, mama wa kifalme aliyenyimwa siwa ya mji, yaani baragumu la sherehe, alipotaka kumfanyia mwanawe sherehe ya tohara, akaagiza fundi amchongee yake. Siwa ya Pate ya pembe ya ndovu, yenye urefu wa zaidi ya mita mbili, ingali ipo mikononi mwa Makumbusho ya Taifa, na ukiitazama utaelewa kwa nini watu waligombania haki ya kuipuliza.

Karne ya 17 na ya 18 ndizo zilizokuwa za fahari, na pia za damu. Mwaka 1678 Pedro de Almeida, mkuu wa Wareno kule Goa, aliuteka mji na kuwakata vichwa watawala wa Pate, wa mji jirani wa Siyu, wa Lamu na wa Manda. Pamoja na hayo mji ukainuka tena. Mwaka 1728 Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka kwa ajili ya sultani wa Pate, mojawapo ya tenzi ndefu za kwanza tulizonazo kwa maandishi. Utendi wenye beti zaidi ya elfu moja hautungwi katika mji wenye njaa. Unahitaji karatasi, wino, mlezi mwenye mali, na wasikilizaji wenye nafasi ya kukaa.

Kisha mji ukaanza kupungua. Ndani, koo za kifalme ziligombania kiti mwaka baada ya mwaka. Nje, biashara ilianza kuhamia Lamu, ambako maji ni ya kina na jahazi kubwa hutia nanga bila shida. Karibu na mwaka 1812 Pate, ikisaidiwa na ukoo wa Mazrui uliotawala Mombasa, ilipeleka jeshi kuivamia Lamu. Walishukia Shela, kisiwani Lamu. Masimulizi ya Lamu yanaeleza kwamba walipogeuka kukimbia walikuta maji yamekupwa na vyombo vyao vimekaa mchangani, wakauawa pale pale. Lamu ikaomba ulinzi kwa Sayyid Said, mtawala wa Omani, na ngome iliyopo hadi leo mjini Lamu ikamalizika mwaka 1821. Tangu hapo Pate haikuwa na la kuamua. Wanabhani wakahamia Siyu, hatimaye bara, Witu, ambako mwaka 1885 sultani wao Ahmad Simba aliwekwa chini ya ulinzi wa Wajerumani.

Kati ya fahari na mwisho huo aliishi Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyetunga utenzi wa Al-Inkishafi. Wanafunzi wa Kiswahili mnaufahamu: mtu anauonya moyo wake kwa kuuonyesha majumba ya matajiri wa Pate yaliyobaki matupu. Naustahi sana utenzi huo. Lakini nadhani tumeusoma vibaya kama historia. Mshairi alitaka kutukumbusha mauti, na kwa kazi hiyo nyumba tupu zilimtosha. Sisi tukazichukua nyumba hizo tupu kama taarifa kamili ya mji, tukaandika kwamba Pate ilikufa. Pate haikufa. Kuna watu pale sasa hivi, na hakuna mwaka ambao mji huo ulikosa mtu wa kuwasha moto.

Basi nani waliobaki? Aliyeondoka ni yule ambaye mali yake ilibebeka: mfanyabiashara mwenye jahazi, mfua fedha mwenye vyombo vyake, mwanachuoni mwenye vitabu, sultani mwenye askari. Hao Lamu, Witu na Mombasa ziliwapokea. Aliyebaki ni yule ambaye riziki yake ilikuwa katika udongo na katika bahari ya karibu. Nyumba ya mawe bila biashara ni mzigo, maana chokaa na boriti zinataka fedha kila dari inapochoka. Lakini kiwanja chake ni ardhi. Kuta huzuia upepo na mifugo. Mkulima wa Pate anayepanda tumbaku chumbani mwa tajiri wa karne ya 18 ameona thamani ambayo tajiri hakuiona, na kwa jembe lake ameufanya mji uendelee kukalika.

Hapa nataka kuwaleta nyumbani. Katika milima hii ya Murang'a na Kiambu, watu hawakukaa kwa vijiji. Kila mbari, yaani ukoo, ilikuwa na vilima vyake na maboma yake yaliyotawanyika. Kijiji cha nyumba zilizobanana kililetwa kwa nguvu mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni. Kwa muda wa miezi kadhaa zaidi ya watu milioni moja walihamishwa na kuingizwa katika vijiji zaidi ya 800, vyenye mitaro, miiba na walinzi. Wengi wenu mna mama au nyanya aliyechimba mtaro huo. Hali ya Hatari ilipoisha mwaka 1960, mashamba yakiwa yamekwisha kupimwa upya, wenye hati walirudi katika mashamba yao na vijiji vingi vikahamwa. Vingine havikuhamwa, na mpaka leo vipo, ploti ndogo ndogo zilizosongamana katikati ya chai na kahawa. Waliobaki humo ni wale ambao hawakupata shamba la kurudia.

Ukiviweka pamoja, Pate na kijiji cha Hali ya Hatari vinajibu swali moja kwa njia mbili zilizo kinyume. Pate walibaki wenye ardhi, wakaondoka wenye mali ya kubebeka. Kwetu waliondoka wenye ardhi, wakabaki wasio nayo. Mwanahistoria anayetazama nyumba tupu peke yake atayaona mahame haya kuwa sawa. Anayeuliza nani amelala wapi, na analima wapi, ataziona siasa mbili tofauti kabisa.

Ndiyo maana sikubaliani na mipango ya uhifadhi inayoanza kwa kuwaondoa watu. Mji Mkongwe wa Lamu uliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na mahame ya Gede mwaka 2024. Pate haimo. Ikitokea siku ya kuingizwa, lazima kutakuwa na afisa atakayependekeza tumbaku ing'olewe ili kuta zionekane vizuri. Ni kweli mizizi na majembe yanaharibu, na ukuta wenye vidaka niliouelezea hautasimama milele bila kusaidiwa. Lakini ukuta huo umesimama mpaka leo katika shamba la mtu anayeupita kila asubuhi na anayejua ni jiwe gani limeanguka mwaka huu. Mlinzi wa kuajiriwa hawezi kumshinda kwa ujuzi huo. Alipwe yeye. Afunzwe kuchanganya chokaa ya kuziba nyufa, kazi ambayo mababu zake waliifanya kwa ustadi mkubwa, na jina lake liandikwe katika ramani ya magofu pamoja na mipaka ya shamba lake.

Kwenu wanafunzi nina ombi lisilohitaji nauli ya Lamu. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1954 sasa amepita 80. Anakumbuka nyumba ya nani ilikuwa karibu na lango, maji yalichotwa wapi, nani aliondoka mwaka 1960 na nani hakuwa na pa kwenda. Habari za Pate ziliungua, zikapatikana tena kwa sababu Bwana Kitini alikuwa hai na palikuwa na mtu wa kumwandikia. Likizo ya Agosti iko karibu. Chukueni daftari, mwende Gatanga, Kandara na Gatundu, mchore ramani ya kijiji kimoja kila mmoja wenu, nyumba kwa nyumba, na mwandike jina la kila mwenye nyumba mtakayetajiwa. Mkirudi, mlango wa ofisi yangu utakuwa wazi, na tutazisoma ramani hizo pamoja.