Tewa wa Leo Ametoka Kwenye Nyasi za Jana

*Hotuba ya afisa wa uvuvi kwa wakazi wa ufuoni, Kwale*



Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: mbona tafi ni wengi na tewa ni wachache? Wengine husema ni bahati. Si bahati, ni hesabu.

Kila kiumbe hula ili apate nguvu, na nguvu hiyo huanzia kwenye jua. Nyasi za baharini na mwani hunasa mwanga wa jua na kujitengenezea chakula. Tafi hula nyasi na mwani. Tewa humla tafi. Papa humla tewa.

Lakini nguvu haipiti yote. Tafi huogelea, hupumua na kukimbia adui. Sehemu kubwa ya alichokula huishia huko, na nyingine hutoka kama kinyesi. Wataalamu hukadiria kwamba takriban sehemu moja kwa kumi tu ndiyo hupanda ngazi inayofuata. Kwa mfano, kilo 1,000 za nyasi hujenga kama kilo 100 za tafi. Hizo 100 hujenga kilo 10 za tewa, na hizo 10 hujenga kilo 1 ya papa.

Sasa tuigeuze hesabu. Kilo 1 ya tewa inahitaji kilo 100 za nyasi. Juya linapoburutwa, hung'oa nyasi hizo na kuzoa tafi wachanga ambao hawajataga. Anayelivuta anapata ndoo yake leo, lakini kesho mwenye mshipi na mwenye malema wanarudi mikono mitupu, na mama karanga hana cha kukaanga.

Najua juya linalisha nyumba nyingi, na kuliacha si jambo dogo. Lakini sheria imelipiga marufuku, na nyasi zikishang'olewa huchukua muda mrefu kuota tena. Nawaomba mambo matatu: tuliache juya, tutumie nyavu za macho makubwa, na nanga tuzitie mchangani, si kwenye nyasi. Aliye na shida ya zana aje kwa kamati ya ufuo au ofisini kwetu, tuzungumze kabla hajakamatwa.

Tukizilinda nyasi, tafi watakuwepo. Tafi wakiwepo, tewa watarudi.