Kabla ya Kufungua Kopo la Rangi

(Mazungumzo ya mwanachama wetu ambaye ni seremala, yaliyotolewa ukumbini siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani. Yamechapwa hapa kwa ombi la wanachama.)



Nimeombwa niseme machache juu ya kupaka rangi na kufufua samani za nyumbani. Katibu aliniambia nichague jambo la manufaa, nisirudie hesabu za chama ambazo mmekwisha kuzisikia asubuhi. Basi nitazungumza juu ya kazi ninayoijua, na mwishoni nitaigusa shule hii, maana kuna neno moja nisingependa kuondoka hapa sijalisema.

Nianze na ninyi wenye nyumba. Wengi wenu mmerithi kitu: kabati la mama, meza ya kulia, kitanda cha babu, au viti sita ambavyo vitatu vinayumba. Kitu hicho kimewekwa uani, mvua inakipiga, watoto wanasema ni cha kizamani. Siku moja anapita mtu, mnampa kwa bei ya kuni, kisha mnakwenda dukani kununua kingine kinachong'aa. Sina ugomvi na wenye maduka. Ila nataka mjue mnachokiuza. Kabati la miaka ya 60 au 70 aghalabu lilitengenezwa kwa mvule, mninga, mkongo au msaji, ubao mzima, viungo vyake vikiwa vimeingizwa ulimi ndani ya tundu. Hicho kinachong'aa mara nyingi ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ukavikwa ngozi ya plastiki yenye picha ya mbao. Maji yakikiingia huvimba kama andazi, na hakuna fundi awezaye kukirudisha. Mninga utaukwangua leo, mjukuu wako ataukwangua tena, na bado utakuwa mninga.

Mtu ataniuliza, nitajuaje kilicho chini ya rangi? Igeuze meza miguu juu. Mafundi wengi hawakupaka upande wa chini, hivyo mbao hujionyesha zenyewe. Mninga ni wa kahawia yenye wekundu. Mvule ukiwa mpya ni wa manjano, na kadiri unavyokaa huiva ukawa kahawia ya dhahabu. Msonobari ni mweupe, mwepesi, umejaa vifundo. Hapo ndipo pa kuamua. Msonobari upake rangi, tena rangi uipendayo, utapendeza. Lakini kuupaka mninga rangi ya kijani ya mafuta ni kumvika bibi arusi gunia, na katika nchi yetu hii nimewaona maharusi wengi wa namna hiyo.

Baada ya kuamua, usikimbilie msasa. Ioshe kwanza hiyo meza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kwa kitambaa kilichokamuliwa, kisha uifute ikauke. Mara nyingi kile tunachokiita "vanishi iliyokufa" ni moshi wa jikoni, mafuta ya mikono na vumbi la miaka ishirini. Kikishatoka, chini yake vanishi ni nzima, na kazi imekwisha kwa gharama ya kipande cha sabuni.

Ikiwa haikutosha, chukua pamba, tia spiriti kidogo, usugue mahali pasipoonekana. Kama vanishi inalainika na kunata, hiyo ni shelaki, ile polishi ya zamani itokanayo na utomvu wa kidudu kidogo cha India na nchi za jirani zake. Shelaki haihitaji kukwanguliwa yote. Ya zamani hulainishwa kwa spiriti hiyo hiyo, na mpya hushikana nayo. Kama spiriti haikufanya kitu lakini tina inailainisha, basi ni vanishi ya kupuliza kwa pampu. Jaribio hili lafaa hata kwa rangi. Rangi ya maji huchafua pamba yenye spiriti. Rangi ya mafuta haitoki. Jambo hili si dogo. Ukipaka rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta inayong'aa bila ya kuikwaruza na kuitilia rangi ya kwanza ya kushikia, baada ya miezi michache itabambuka kama gamba la nyoka, nawe utamlaumu mwenye duka.

Sasa msasa. Vijana, neno hili halikutoka kiwandani. Msasa ni mti, na majani yake yana ukali kama ulimi wa ng'ombe. Mafundi wa zamani waliyatumia kusugulia mbao kabla karatasi yenye mchanga haijafika, nayo karatasi ilipofika ikarithi jina. Sugua kwa kufuata nyuzi za mbao, kamwe usizikate. Anza na namba 80 au 100 kama kuna kazi nzito, panda 120, malizia 180 au 240. Anayeruka kutoka 80 hadi 240 ataona mikwaruzo yote siku vanishi itakapokauka, maana vanishi ni kama kioo, haifichi kitu. Na mkiusugua mvule, jifunikeni pua: vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua hata kama mbao haijawahi kupakwa chochote.

Hapa nafika kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nikubali kusimama mbele yenu.

Vijana wakisikia neno risasi hufikiri bunduki. Risasi ninayoisema mimi ni ile madini yenyewe, ambayo kwa miaka mingi watengenezaji wa rangi waliitia ndani ya makopo. Iliifanya rangi ikauke upesi, idumu, na ing'ae. Rangi nyeupe za zamani ziliweza kufika nusu ya uzito wake kuwa risasi. Manjano na machungwa yenye kuwaka yalipatikana kwa risasi, na ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu iliyopakwa kwenye vyuma nayo vivyo hivyo. Ubaya wake ulijulikana zamani. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia risasi nyeupe katika upakaji wa ndani ya majengo. Marekani ilikataza rangi ya majumbani yenye risasi mwaka 1978. Hata hivyo katika nchi nyingi rangi hizo ziliendelea kuuzwa miaka mingi baada ya hapo. Leo kipimo kinachopendekezwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ni risasi isizidi sehemu 90 katika milioni, yaani miligramu 90 katika kilo moja ya rangi iliyokauka.

Risasi iliyolala ndani ya rangi nzima, isiyobambuka, haimsumbui mtu. Husumbua inapogeuka vumbi. Na nani huigeuza vumbi? Ni mimi na wewe, kwa msasa mkavu, Jumamosi mchana, uani, watoto wakicheza pembeni na kuku wakidonoa. Vumbi hilo hukaa sakafuni, kwenye nguo, kwenye vidole. Mtoto mdogo hutia vidole mdomoni, na mwili wake hunyonya risasi mara nne au tano kuliko mwili wa mtu mzima. Huingia kwenye damu, ikakaa kwenye mifupa, ikaharibu ubongo unaokua. Mtoto haanguki wala hapati homa. Anachelewa kusema, anakuwa mzito darasani, anapigwa kwa uvivu ambao si wake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Na mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni.

Fikirini basi desturi yetu njema kabisa. Mke anatarajia mtoto, bwana anakwenda kwa wazazi wake kukichukua kitanda kidogo alicholalia yeye mwenyewe, anakileta nyumbani, na kwa mapenzi yote anakisugua kwa msasa barazani apate kukipaka upya. Hakuna kitanda cha hatari kuliko hicho, wala hakuna wakati mbaya kuliko huo.

Kwa macho hamtaijua rangi yenye risasi. Maabara ndiyo ijuayo. Kwa hiyo rangi yoyote ya mafuta iliyo ya zamani, ambayo hukuinunua wewe na kulisoma kopo lake, ichukulie kuwa inayo. Kama ni nzima na imeshika, ioshe, ifanye butu kidogo kwa msasa wa maji uliolowa, kisha uifunike kwa rangi mpya. Lakini kitanda cha mtoto sikiingizi katika ruhusa hiyo, maana watoto wakiota meno hutafuna mbao. Kitanda cha namna hiyo mpe fundi mwenye vifaa, au kiache.

Kama ni lazima kukwangua, fanyeni kwa maji. Tandikeni karatasi ya plastiki chini, watoto na wajawazito wawe mbali, lowesheni uso wa mbao, tumieni kikwangulio na msasa wa maji, mkichovya kila mara. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii vumbi hili. Barakoa inayofaa ni ile yenye kichujio kilichoandikwa P100 au P3. Msiwashe moto juu ya rangi ili kuilainisha, kwani mvuke wake ni risasi tupu. Msifagie, futeni kwa kitambaa kilicholowa. Makombo yafungeni ndani ya plastiki, yasichomwe, yasimwagwe bustanini, na kuku wasiyafikie, maana yatarudi mezani ndani ya yai. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Oga kabla hujampakata mtoto.

Kuna watakaosema, kwa nini tusitumie dawa ya kuondoa rangi? Zipo, na nyingine ni nzuri. Ila someni kopo. Ile kali yenye methilini kloridi iliua watu waliokuwa wakifanya kazi katika vyumba vilivyofungwa, na Marekani ilikataza isiuzwe tena kwa watu wa majumbani mwaka 2019.

Juu ya kupaka kwenyewe nitasema kwa ufupi, maana mbao ikishaandaliwa, kupaka ni sehemu ndogo. Mikono miwili myepesi inashinda mmoja mzito. Rangi ya mafuta hukauka kwa kula hewa, hivyo ukiijaza, juu inafunga ngozi na chini inabaki mbichi, kisha inajikunja. Subiri siku nzima kati ya mkono na mkono. Siku ya mvua usipulize vanishi. Unyevu hunaswa ndani yake ikawa na ukungu mweupe. Sisi watu wa pwani tungoje jua lipande, umande ukauke.

Na wale mpendao mafuta ya kitani badala ya vanishi, mfanya vyema, hasa kwa mvule na mninga. Lakini vile vitambaa mlivyopakia msivikunje mkavitupa pembeni. Mafuta hayo yakila hewa hutoa joto, na joto likifungiwa ndani ya lundo la vitambaa huwaka lenyewe, bila kiberiti. Mwaka 1991 huko Philadelphia, Marekani, vitambaa vya namna hiyo vilivyoachwa na mafundi viliwasha moto katika jengo refu la ofisi, na wazima moto watatu wakafa. Vianikeni kimoja kimoja nje, au vitieni ndani ya kopo la maji lenye mfuniko.

Sasa nageukia nyumbani kwetu hapa. Nimesikia kwamba kamati ya chama imependekeza, kwa nia njema, tununue rangi na msasa, na wanafunzi watumie wiki ya mwisho wa muhula kukwangua madawati na vitanda vya chuma vya mabweni. Kazi ya mikono ni malezi. Sisi tuliofyeka nyasi hapa twaijua. Lakini vitanda vile tulivilalia sisi, na rangi iliyo juu yake ni mikono mitano au sita, wa chini kabisa ukiwa ule mwekundu. Naiomba kamati isiwape vijana hawa msasa mkavu. Fedha ile ile ya rangi itoe kwanza sehemu ya kupeleka vipande vichache vya rangi hiyo maabara. Majibu yakija kuwa ni safi, wasugue waimbe. Yakija vinginevyo, vitanda vioshwe na kufunikwa, na vile vinavyobambuka vikwanguliwe na watu wazima wenye barakoa, nje ya mabweni. Mimi nimejiandikisha kuwa wa kwanza kati ya hao, na Katibu ana daftari.

Meza za maktaba ni habari nyingine. Nimezigeuza jana jioni, Mwalimu Mkuu akiniruhusu. Zote nane ni mvule, na juu zina vanishi, si rangi. Hizo zahitaji sabuni, msasa wa namba 180 na siku mbili tu. Hapo vijana karibuni, mje na vitambaa vya kufunika pua.

Nimeleta kiti kimoja cha mninga nilichokifanyia kazi upande mmoja, mwingine nikauacha ulivyokuwa, ili mlinganishe. Kiko karibu na mlango, na maswali nitayapokea hapo hapo.