Kompyuta Iliyotumika na Fundi Anayerudi



Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vya makarani havikuachwa ghalani. Viligawiwa kwa walimu. Jambo hilo, kwa kiwango kidogo, linaweza kufanywa na kila kampuni ya Kinondoni au Temeke inayobadilisha vifaa vyake. (Ofisi ya umma haina uhuru huo: mali yake lazima kwanza ipitie taratibu za kufutwa kwenye daftari.) Nchi iliyopiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974 imetoka mbali.

Hata hivyo, shule hainufaiki kwa kupokea maboksi tu. Kompyuta ya mezani iliyozoea kiyoyozi cha Posta, ikihamishiwa Mbagala au Bunju, hukutana na vumbi, joto la Februari na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Mara nyingi kinachoungua ni pawasaplai. Fundi wa Kariakoo huibadilisha kwa muda mfupi. Mwalimu asiye na fundi huifunika mashine kwa kitambaa, na kipindi cha kompyuta hurudi kuwa maandishi ya ubaoni. Mashine tano zenye fundi anayerudi kila muhula zina thamani kuliko ishirini zilizopigiwa picha siku ya makabidhiano.

Kwa hiyo, kijana aliyehitimu VETA Chang'ombe, hata kama hana kompyuta ya kutoa, anao mchango. Jumamosi moja ya kuwaonyesha walimu wawili na wanafunzi wachache namna ya kufungua mashine, kupuliza vumbi, kubadili diski na kusakinisha programu upya huiachia shule mafundi wake yenyewe. Programu nazo zisipuuzwe: Windows 10 iliachwa na watengenezaji wake tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani haziwezi kubeba toleo linalofuata. Programu huria huziongezea umri. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwishaonyesha njia mwaka 2004 kwa Jambo OpenOffice, iliyozungumza Kiswahili.

Nchini Kenya, Computers for Schools Kenya, iliyoanzishwa mwaka 2002, hukarabati mashine kabla ya kuzipeleka shuleni na hufundisha walimu. Mpangilio huo unafaa kuigwa: karakana kwanza, darasa baadaye.

Mtoaji naye ana wajibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za wateja na wagonjwa zilizobaki ndani ya diski. Kuzitupa kwenye kapu la kompyuta hakutoshi. Diski isafishwe kwa programu maalumu, au itolewe na shule itafutiwe nyingine.

Mashine isiyowaka kabisa isipelekwe shuleni kwa jina la msaada. Ivuliwe vipuri vinavyofaa, na masalia yakabidhiwe kwa wakusanyaji wenye kibali chini ya Kanuni za taka za kielektroniki za mwaka 2021, yasiishie dampo la Pugu Kinyamwezi.