Arena ya Kinshasa: mtuonyeshe mkataba, picha tumeshiba



Tumeombwa tuseme juu ya Arena ya Kinshasa. Mbele ya kuanza, kuna wenye walituuliza: nyinyi ni watu wa Lubumbashi, Kinshasa iko mbali kilomita karibu 1.500 kwa ndege (kwa balabala tusiseme hata), sasa arena yao inawahusu nini? Swali ni zuri. Tunaanza nalo.

Inatuhusu juu ya pesa. Code minier ya 2018 inasema redevance ya madini inagawanywa hivi: 50 kwa mia inaenda ku serikali kuu, 25 kwa mia ku provinsi, 15 kwa mia ku miji na sekta zenye mgodi iko ndani, na 10 kwa mia ku mfuko wa vizazi vijavyo. Tena Katiba yetu, article 175, inasema provinsi zibakie na 40 kwa mia ya mapato ya kitaifa, na zikate palepale, hakuna kungoja Kinshasa itume. Ile 40 kwa mia, tangu Katiba ya 2006, tunaisikia mu hotuba tu. Basi kila jengo kubwa lenye Leta inajenga mu mji mkuu, ndani yake muko shaba na kobalti yenye tunaona ikipita hapa juu ya malori usiku na mchana. Hatusemi hivi kwa ukabila. Mwenye kuleta hapa maneno ya "Katanga kwa Wakatanga", tunamwomba atoke nayo polepole. Mtoto wa Masina hana deni na sisi, yeye mwenyewe anaibiwa kama sisi. Tunasema tu kwamba mwenye kulipa ana haki ya kuona faktire.

Sasa, arena yenyewe ni nini? Ni jumba la michezo na la muziki, la kufunikwa juu, la watu 20.000, karibu na Stade des Martyrs, kazi ya kampuni ya Kituruki. Basketi, ngumi, konseri, mikutano mikubwa. Mmeona picha zake za kompyuta: taa za rangi, magari safi, miti yenye imekatwa vizuri, hakuna hata wewa mmoja wala mama wa kuuza mikate. Kwa picha za kompyuta, inchi yetu ni tajiri kabisa.

Kuna watu wanasema sisi tunachukia raha, kwamba vijana wa mouvement citoyen wanapinga kila kitu. Ni bongo. Mji kama Kinshasa, wenye watu zaidi ya milioni kumi, unahitaji mahali pa salama pa kukusanyika. Tarehe 29 Oktoba 2022 watu 11 walikufa ku konseri ya Fally Ipupa mu Stade des Martyrs, msukumano tu. Tarehe 27 Julai 2024, palepale, watu 9 walikufa ku konseri ya Mike Kalambay, konseri ya kumwimbia Mungu. Uwanja ule ulifunguliwa 1994, ulijengwa kwa kupokea watu kama 80.000 wa mpira. Watu hawakufa juu viti vilikuwa vya zamani. Walikufa juu milango, idadi ya watu na njia za kutokea hazikusimamiwa. Hii ndiyo maana tunakasirika kuliko wenye wanadhani tunataka tu kumsema mtu fulani. Kama arena inachelewa, watu wanaendelea kusukumana. Na kama inajengwa vibaya juu pesa imeliwa njiani, watasukumana ndani ya jumba lenye paa.

Kwa hiyo tunasimama hapa: hatusemi arena isijengwe. Tunasema hatuwezi kuamini ahadi yenye haina mkataba mkononi.

Mtatuambia: miji mingine imejenga. Ndiyo. Dakar ilifungua Dakar Arena 2018, watu 15.000. Kigali ilifungua Kigali Arena Agosti 2019, watu 10.000, kazi ya miezi kama sita. Zote mbili zilijengwa na kampuni moja ya Kituruki, Summa. Tunajua kutaja Kigali mu mkutano wa Wakongomani kunauma, na kunauma kwa haki. Kuna ndugu zetu wa Kivu wako hapa leo wenye hawawezi kurudia nyumba zao. Tunaitaja kwa hesabu tu, juu bakubwa wetu nao wanapenda kuitaja wakitaka kutuonyesha kwamba "hata sisi tunaweza".

Hesabu iko hivi. Arena ile ya Kigali ilitangazwa kuwa ya dola milioni 104. Mu 2022 banki moja ya kule, BK, ilinunua haki ya kuweka jina lake juu ya jumba kwa miaka sita, dola milioni 7. Gawanya: ni kama dola 1.170.000 kwa mwaka. Kama ungengoja pesa ya jina peke yake irudishe milioni 104, ungengoja karibu miaka 89. Mtu atasema kuna tikiti, kuna BAL ya basketi, kuna kukodisha. Kweli. Lakini hata uwanja wenye watu wanautaja kama mfano haujilipi kirahisi. Jumba la namna hii ni kama balabala ao maktaba: Leta inaibeba juu inafaa kwa raia. Hakuna ubaya, bora waseme hivyo wazi. Ubaya ni kutuambia "italeta pesa" bila kusema nani atalipa umeme, masta wa viyoyozi, walinzi na mafuta ya jenereta. Mafuta ya jenereta hasa! Nyinyi wa Katuba na wa Kenya mnajua SNEL. Jumba la watu 20.000 bila umeme wa kuaminika ni sufuria yenye kifuniko.

Tuingie sasa mu financement, juu hapa ndipo wanapotuchanganya na Kifaransa kirefu. Leta ikitaka kujenga, njia kubwa ni tatu. Ya kwanza, inalipa kutoka bajeti, kila mwaka kipande. Ya pili ni partenariat public-privé, iko na sheria yake ya Julai 2018: mwenye biashara anatia pesa yake, anaendesha jumba kwa miaka, anajilipa. Ya tatu ni préfinancement: kampuni inajenga kwa pesa yenye imekopa, halafu Leta inalipa polepole, pamoja na faida ya banki.

Hii ya tatu inafanana na zawadi. Jengo linaanza kupanda, waziri anakata utepe, na hakuna makuta yenye imetoka bado. Lakini deni limekwisha kuandikwa, na litalipwa na mtoto mwenye leo yuko maternelle. Leta ikichelewa kulipa kipande kimoja, kampuni inasimamisha kazi. Vyuma vinashika kutu, mvua inapiga saruji, mashine zinakaa bure na kila siku zinahesabiwa. Kisha wanaandika avenant, yaani karatasi ya kuongeza juu ya mkataba wa kwanza: bei mpya, tarehe mpya. Avenant haina sherehe. Hakuna televisheni inakuja kupiga picha siku avenant inatiwa sahihi. Kuchelewa, ndugu, mara nyingi si uvivu wa wafanyakazi. Kuchelewa ni pesa, na kuna mtu inamfaa.

Sisi watu wa shaba hatuhitaji kufundishwa somo hili. Sicomines, 2008: Wachina wachukue madini ya Kolwezi, watujengee miundombinu ya dola milioni elfu tatu. Mu Februari 2023 IGF ilitoa ripoti: kwa miaka ile yote, kazi zilizotolewa pesa zilikuwa za milioni 822. Balabala zilichelewa. Mkataba ulirudiwa 2024, ikatajwa milioni elfu saba. Tunangoja.

Na mfano wa michezo yenyewe uko karibu zaidi. Michezo ya Francophonie ya 2021 haikuwa ya Kinshasa hapo mwanzo. Ilikuwa ya Kanada, Moncton na Dieppe. Makadirio yao yalipanda kutoka dola milioni 17 za Kanada mpaka karibu milioni 130, na mu Januari 2019 serikali ya provinsi yao, New Brunswick, ikasema: hapana, hatuwezi, tunajitoa. Ni watu wenye maji ku robinet na umeme saa 24. Walipiga hesabu mbele, wakaogopa. Kinshasa ikanyoosha mkono. Michezo ikasogezwa 2022, tena 2023, ikafanyika kweli kutoka 28 Julai mpaka 6 Agosti, na vijana wetu walishindana vizuri, tuliwashangilia. Lakini hesabu yenye ilitangazwa baadaye ilipita dola milioni 300. Tunaomba tu mshike zile namba mbili, mia na thelathini za Kanada na mia tatu za Marekani, kisha mtuambie kama mtu mwenye kuuliza maswali juu ya arena ni adui wa inchi.

Kuna na Bukanga Lonzo. Ilianzishwa 2014, shamba kubwa la kulisha Kinshasa, dola kama milioni 285. Mu Mei 2025 Cour constitutionnelle ilimhukumu Waziri Mkuu wa zamani Matata Ponyo miaka kumi ya kazi za kulazimishwa. Yeye amekana kila siku. Hatukuja kuhukumu upya. Tunaangalia kalenda tu: kutoka uzinduzi mpaka hukumu, miaka 11. Mahindi hatukuyaona. Kwa hiyo wakituambia "ngojeni kazi iishe, IGF itapita", tunajibu kwamba IGF ikipita kisha, inakuta mfupa. Ukaguzi wenye kufaa ni ule wa mbele na wa katikati.

Kuna hoja ingine inatugusa sisi wenyewe, kazi. Wengi hapa tuko na diplome, na diplome iko ku kabati ndani ya sachet juu mvua isiiharibu. Mtu akisema "arena italeta kazi kwa vijana", moyo unaruka, tunakubali. Lakini kazi gani? Kumwaga beton ni kazi ya miezi, na ni kazi ya heshima. Halafu? Nani ataendesha taa, sauti, ulinzi, hesabu, tikiti? Wako wapi vijana wenye wanafundishwa sasa, wakati kuta zinapanda? Sheria ya Februari 2017 ya sous-traitance inataka kazi za pembeni zipewe kampuni zenye mali yake kubwa iko mikononi mwa Wakongomani. Basi watupe majina ya kampuni hizo. Kama ni binamu ya mkubwa fulani mwenye alifungua kampuni juzi, tutajua pia.

Yenye tunaomba hayahitaji utaalamu. Katiba, article 24, inampa kila mtu haki ya kupata habari. Sheria ya marchés publics ya 27 Aprili 2010 inaweka mashindano kuwa kanuni. Gré à gré, yaani kukaa wawili na kupatana bila kushindanisha mwingine, ni ya hali za pekee zenye sheria imezitaja. Basi tuone: mkataba ulipatikana kwa mashindano ao kwa gré à gré? Bei ya kwanza ilikuwa ngapi, na avenant ni ngapi mpaka leo? Kama kuna mkopo, ni wa banki gani, kwa faida gani, na Leta imeweka rehani nini? Wanapotuambia "kazi imefika asilimia fulani", waandike pembeni na asilimia ya pesa yenye imekwisha kulipwa, juu hizo namba mbili zikitembea mbali mbali, hapo ndipo mwizi anapolala. Na plan ya usalama, jamani: milango mingapi, watu wangapi watatoka kwa dakika ngapi, nani atakataa kuuza tikiti ya 20.001. Kwa wale 20 waliokufa, hili lilipaswa kuwa ukurasa wa kwanza.

Wengine watasema Leta haijibu barua za vijana. Mara nyingi haijibu, tunajua. Lakini barua yenye accusé de réception ni karatasi yenye mbunge anaweza kuishika mkononi anapomwuliza waziri swali la maandishi, na wabunge wa Haut-Katanga tunawajua nyumba zao. Tena bajeti inajadiliwa kila mwaka mu kikao cha Septemba. Kama mstari wa arena uko ndani, tutausoma. Kama hauko, tutauliza pesa inapita wapi.

Barua iko tayari, kurasa mbili. Leo tunaisoma pamoja, tunasahihisha, na mwenye kutaka anatia sahihi. Mwenye hataki, hakuna mtu atamsumbua. Kila komini itoe watu wawili wa kuipeleka ku ofisi za wabunge na kurudi na kopi yenye muhuri. Kampemba bado hamjatoa majina. Wenzetu wa Kinshasa watapeleka yao siku ileile ku Wizara ya Fedha. Mtu mwenye ana imprimante yenye wino, aje atuone, juu ya kopi 40 ku secrétariat public tunahitaji franga zenye hatuna.

Sasa maswali. Mama mwenye aliinua mkono kule nyuma tangu mwanzo, anza weye.